Kutuliza Moyo Kabla ya Kunyoosha Mkono: Mwongozo kwa Wanafunzi wa Vyuo vya Mbeya na Iringa

Saa nane usiku, mwezi Julai, hosteli ya chuo jijini Mbeya. Baridi imepenya hadi ndani ya blanketi. Mwenzako wa kitanda cha chini amepigiwa simu kutoka Makete: mama yake kakimbizwa hospitali. Amekaa kwenye ukingo wa godoro, analia kwa sauti ya chini ili asiwaamshe wengine. Kwenye kitanda cha juu anaweza kuwepo mtu wa mojawapo ya aina tatu. Wa kwanza anavuta blanketi hadi masikioni na kujifanya amelala. Wa pili anashuka mbio, anauliza maswali kumi kwa mkupuo, anaanza kulia naye, na robo saa baadaye ndiye anayebembelezwa. Wa tatu anashuka polepole, anamimina chai iliyobaki kwenye chupa, anamshikisha mwenzake kikombe, anakaa.

Usiharakishe kusema wa kwanza hana utu. Huenda ndiye mwenye moyo mlaini kuliko wote chumbani. Kilichomshinda ni fadhaa yake mwenyewe: kilio kile kimemwingia mwilini, na njia ya karibu ya kukiondoa ni kukikwepa. Fadhaa na huruma huzaliwa pamoja, lakini kazi zake ni tofauti. Fadhaa hutafuta wewe upate nafuu. Huruma hutafuta mwenzako apate nafuu.

Mwaka 1981 mwanasaikolojia Daniel Batson na wenzake nchini Marekani waliwaonyesha wanafunzi mwanamke aliyeonekana kupigwa shoti za umeme (ilikuwa maigizo), kisha wakawapa nafasi ya kuchukua zamu yake. Waliotawaliwa na fadhaa walijitolea zaidi pale walipojua kwamba wasipofanya hivyo wataendelea kumtazama akiteseka. Waliporuhusiwa kuondoka, wengi waliondoka. Waliotawaliwa na huruma walijitolea hata mlango ulipokuwa wazi. Na hosteli ina milango mingi: spika za masikioni, maktaba, "naenda kuchaji simu kwa jirani".

Hatua zinazofuata ni za mwanafunzi wa kawaida, CR (mwakilishi wa darasa), au kiongozi wa hosteli. Ushauri nasaha ni fani ya watu waliosomea, na mwongozo huu haukugeuzi mmoja wao.

Hatua ya kwanza: daftari la siku 14

Anza hapa kabla hakujatokea jambo. Tafuta daftari dogo, lile la mwanafunzi wa shule ya msingi linatosha, uligawe safu nne: kilichotokea, nilichohisi na kwa kiasi gani, kuanzia 0 hadi 10, nilichofanya na hisia hiyo, nilisaidia au sikusaidia. Andika kila usiku kabla ya kulala, mistari miwili au mitatu tu. Ukisubiri Jumapili uandike ya wiki nzima, utaandika unavyopenda kujikumbuka.

Safu ya pili ndiyo inayowashinda wengi. Mtu anaandika "nilijisikia vibaya" siku 14 mfululizo, na daftari halimwambii kitu. Vibaya namna gani? Hofu? Aibu? Wivu? Hatia? Kinyaa? Uchovu tu wa kukosa chakula cha mchana? Mwaka 2007 Matthew Lieberman na wenzake walitazama ubongo wa watu wakati wakiipa jina hisia iliyoonekana kwenye picha ya uso. Wakaona amigdala, sehemu ya ubongo inayopiga kengele ya hatari, ikipunguza kelele. Jina lenyewe linatuliza, ili mradi liwe jina sahihi. Kama hisia imekujia kwa Kinyakyusa, Kihehe au Kisafwa, iandike kwa lugha hiyohiyo. Wengi wetu hasira tunaijua kwa Kiswahili, lakini uchungu wa ndani tulifundishwa na bibi kwa lugha ya nyumbani.

Usiandike jina la mtu yeyote. Madaftari ya hosteli hayana siri.

Siku ya 14 soma mistari ambayo namba ni 7 kwenda juu, halafu tazama safu ya nne. Wapo watakaoona kwamba kila ilipofika 7 walikimbia. Wengine wataona walisaidia, lakini kwa namna waliyoijutia: waliahidi wasichoweza, au walitoa pesa ya kodi ya chumba. Angalia pia mistari ya 0 na 1 inayofuatana siku nyingi. Hiyo si lazima iwe utulivu. Huenda ni moyo uliokwisha kufungwa, na mwenye moyo huo hupita karibu na mtu anayelia bila kumwona.

Hatua ya pili: dakika moja ya pumzi

Vuta hewa kwa pua ukihesabu moja hadi nne, itoe polepole ukihesabu moja hadi sita. Mzunguko mmoja ni kama sekunde 10, hivyo mizunguko sita ni dakika moja. Pumzi ya kutoka iwe ndefu kuliko ya kuingia, maana ndiyo inayopunguza mapigo ya moyo.

Hukosewa kwa namna mbili. Ya kwanza ni kuvuta hewa nyingi kupita kiasi. Ukifanya hivyo unapoteza kaboni dayoksaidi, vidole vinachonyota, kichwa kinazunguka, na fadhaa inaongezeka badala ya kupungua. Vuta kiasi cha kawaida, ila taratibu. Ya pili ni kuifanya mbele ya mwenye shida, ukiwa umekaa na kumtazama. Yeye atasikia mtu anayehema kwa kuchoshwa naye. Ifanye ukishuka kitandani, ukivaa sweta, ukimimina chai.

Hatua ya tatu: litazame upya, usilimeze

Hapa ndipo penye uzito wote. James Gross, aliyeweka msingi wa utafiti wa udhibiti wa hisia mwaka 1998, alionyesha kwamba hisia inaweza kushikwa mahali patano: unapochagua pa kwenda, unapobadili mazingira, unapoamua uangalie nini, unapoamua jambo lina maana gani, na mwishoni kabisa, inapokuwa imeshapanda na unaibana isionekane. Sisi wengi tumelelewa tuijue hiyo ya mwisho tu. "Jikaze." Mtoto wa kiume hasa ameisikia kabla hajajua kuhesabu.

Kumeza hisia kuna gharama, na anayelipa si wewe peke yako. Mwaka 2003 Emily Butler, Gross na wenzao waliwakalisha wanawake wasiofahamiana wawili wawili wazungumze kuhusu filamu ya kusikitisha. Katika baadhi ya jozi, mmoja aliagizwa kwa siri asionyeshe anachohisi. Mazungumzo yakapooza, na shinikizo la damu la mwenzake, ambaye hakujua lolote, likapanda. Mtu mwenye shida huyasoma macho yako. Akikuta ukuta, anafunga mdomo.

Ila tusiende mbali mno. Utafiti wa 2007 wa Butler na Gross ulionyesha kwamba madhara hayo hupungua kwa watu waliolelewa katika maadili ya Kiasia, ambako kujizuia ni jambo la kawaida. Kukaa kimya kwa heshima kwenye mkeka wa msiba kule Kihesa au Uyole si kumeza. Kila mtu pale anajua kimya kile kina maana gani. Kumeza ni pale unaposema "mimi niko sawa" huku taya zimekaza.

Badala yake, badili maana ya jambo. Tuchukue kisa kinachotokea kila semista. Asaimenti ya grupu inakusanywa Ijumaa. Alhamisi saa tatu usiku mwenzenu mmoja hajatuma sehemu yake, na ujumbe wako una tiki mbili za bluu. Umeandika kwenye daftari: hasira, 8. Jiulize maswali matatu, kwa mpangilio huu.

Ninachokijua kwa hakika ni kipi, na nilichoongeza mimi ni kipi? Unajua kwamba hajatuma na amesoma ujumbe. "Ametudharau" umeiongeza wewe.

Kuna maelezo mengine mawili yanayowezekana? Lazima yawe mawili, si moja, na yawe ya kweli kwa maisha ya hapa. Huenda anauza nguo Mwanjelwa jioni kwa sababu bumu (pesa ya mkopo wa wanafunzi) halijatoka. Huenda hakuelewa swali na anaona aibu kusema mbele ya kundi.

Nikimsaidia, nitasaidia nini hasa, na mwisho wake ni wapi? Swali hili wengi hulisahau, ndiyo maana mtu hutulia vizuri kisha akaishia kuandika sehemu zote mwenyewe hadi alfajiri.

Ujumbe unaotoka baada ya maswali hayo, uliotumwa kwake mwenyewe na si kwenye grupu, unakuwa hivi: "Kaka, sehemu ya tatu sijaiona bado. Kuna shida mahali? Kama swali limekuchanganya, nipigie sasa hivi tulipitie dakika 15. Nitumie hata nusu ifikapo saa tano, mimi nitaunganisha." Una msaada ndani yake, una saa, una mpaka.

Kuna mahali ambapo hatua hii isitumike. Mhadhiri anayedai ngono ili atoe maksi asitafutiwe maelezo mengine mawili. Hiyo ni rushwa ya ngono, kosa chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, na namba ya bure ya TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, ni 113. Jirani anayempiga mpenzi wake vivyo hivyo. Hapo hasira ina kazi. Itulize kiasi cha kukuwezesha kuandika tarehe, saa na maneno yaliyosemwa, kisha ipeleke Dawati la Jinsia la polisi ikiwa bado ina moto.

Hatua ya nne: punguza haraka

Hatua fupi, lakini ushahidi wake unachoma. Mwaka 1973 John Darley na Batson waliwapima wanafunzi 40 wa seminari ya Princeton waliokuwa wakienda kutoa hotuba kwenye jengo la pili. Njiani palikuwa na mtu ameinama mlangoni, anakohoa na kuugulia. Kati ya waliokuwa na muda, asilimia 63 walimsaidia. Kati ya walioambiwa wamechelewa sana, asilimia 10. Baadhi yao walikuwa wanakwenda kuhubiri mfano wa Msamaria Mwema, na hata hilo halikuleta tofauti ya maana.

Kwa hiyo wiki ya UE, mitihani ya mwisho wa semista, usijidanganye kwamba utakuwa yuleyule wa wiki ya kwanza. Toka hosteli dakika 15 kabla ya muda unaoutumia kawaida. Na kama kweli huwezi kusimama, simama sekunde 20 useme: "Nakuona, nina mtihani saa mbili, nakuja saa tano na nusu. Sasa hivi namwita fulani akae na wewe." Halafu mwite fulani kwa jina. Usiseme "jamani kuna mtu anaumwa" kwenye grupu la watu 180. Kila mmoja atadhani mwingine ameshaenda.

Hatua ya tano: uliza kabla ya kutoa

Turudi kwenye kitanda cha chini. Umeshuka, umehema, chai iko mkononi mwake. Sema "pole" mara moja, kisha nyamaza. Kimya cha nusu dakika kinaonekana kirefu kama safari ya Tunduma, na ni fadhaa yako inayotaka kukijaza. Iache. Kisha:

"Wamekwambia nini, dada?"

"Kwamba kazidiwa. Kaka kasema nisubiri asubuhi."

"Umeshikwa na nini zaidi sasa hivi, hofu ya mama, au namna ya kufika?"

"Nauli sina. Na kesho nina testi."

Sasa unajua. Kama ungeanza na "usilie, Mungu yupo, atapona", usingeyajua hayo mawili. "Usilie" mara nyingi ina maana "kilio chako kinanitesa". Na kusema "atapona" ni kuahidi usichokimiliki.

Maswali ya wakati huu yasizidi matatu. Baada ya hapo toa mambo mawili yanayofanyika na umwachie achague: "Nikuandikie ujumbe kwa CR kuhusu testi, au kwanza tumpigie kaka tena?" Mtu aliyezidiwa hawezi kujibu "nikusaidie nini?", lakini kuchagua kati ya mawili anaweza.

Hatua ya sita: pesa

Pesa huamuliwa kabla ya hisia kufika. Siku bumu linapoingia, tenga fungu la kusaidia na uliandike. Kwa wengi shilingi 5,000 katika kila 100,000 ni kiwango kinachovumilika. Likiisha, limeisha, na msaada wako uwe wa miguu na masikio hadi fungu lijalo. Toa kama zawadi, si mkopo. Mkopo wa rafiki wa chumba kimoja unaharibu chumba, na mdeni ndiye wa kwanza kukukwepa siku atakapohitaji mtu wa kuzungumza naye.

Ujumbe wowote wa kuomba pesa kwa dharura usubiri dakika 10 na simu ya sauti kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani. Wale wa "ile pesa tuma kwenye namba hii" wanajua biashara yao. Mtaji wao ni fadhaa yako.

Wakiwa wengi

Wiki ileile grupu la darasa linaweza kuwa na michango minne: msiba Njombe, mwenzenu kalazwa, ada ya mmoja, chumba kilichoungua. Wengi huganda. Daryl Cameron na Keith Payne walionyesha mwaka 2011 jambo linalopaswa kuwashtua wale wanaojisifu kwa utulivu: wenye uwezo mkubwa wa kudhibiti hisia ndio wanaozima huruma zaidi idadi ya wahitaji inapoongezeka, kwa kuwa wanauona mzigo mapema na wanajikinga nao. Ustadi uleule wa hatua ya tatu unaweza kuwa pazia.

Dawa ni kupunguza idadi kwa makusudi. Chagua mmoja, fanya jambo moja hadi mwisho, na hao watatu watumie ujumbe wa kweli: "Safari hii sitaweza, pole sana." Kunyamaza kunaumiza kuliko kukosa.

Usipopaswa kubaki peke yako

Mwenzako akisema maisha hayana maana, anagawa vitu vyake, anaaga kwa namna isiyo ya kawaida, uliza waziwazi: "Unafikiria kujiua?" Swali hilo haliingizi wazo jipya kichwani mwake, Shirika la Afya Duniani limelisema hilo mara nyingi. Akijibu ndiyo, usimwache peke yake hata kwenda chooni bila mtu wa karibu. Ondoa chumbani dawa, viuatilifu vya shamba na vitu vyenye makali. Mpigie mlezi wa hosteli au mshauri wa wanafunzi usiku huohuo, mpelekeni hospitali: kwa Mbeya, Hospitali ya Rufaa ya Kanda, kwa Iringa, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Hatari ikiwa mbele ya macho, piga 112.

Akikuomba uape kutomwambia mtu, jibu: "Mambo yako sitayatangaza. Lakini siwezi kubaki na hili peke yangu, twende pamoja." Wanaoapa hujikuta na siri inayowanyima usingizi, na siku wakiivunja wanaonekana wasaliti.

Baada ya hapo

Ndani ya saa 24 kula chakula cha moto, lala, tembea nusu saa. Walio Iringa wana njia ya kupanda jiwe la Gangilonga. Nenda mchana, na mwenzako. Zungumza na mtu mmoja kuhusu ulichohisi wewe, bila kutaja ya yule uliyemsaidia. Ukiona siku tano zimepita na picha ya tukio bado inakuamsha usiku, wewe ndiye unayehitaji kumwona mshauri wa wanafunzi.

Kisha weka ukumbusho kwenye simu: siku ya 8 na siku ya 30. Siku ya kwanza chumba hujaa watu, na tanga likishaanuliwa kila mtu hurudi kwenye notisi zake. Ujumbe wa siku ya 8 hauhitaji maneno mengi: "Nipo kantini, nimeagiza wali maharage sahani mbili. Unakuja, au nikuletee?"